Fundi Aliyefuzu Kamiti na Cheti Asichopewa

Kila gari linalosajiliwa Kenya hubeba kazi ya mfungwa mbele na nyuma. Vibao vya nambari za magari hutengenezwa ndani ya gereza la Kamiti, kaunti ya Kiambu, na mikono inayovitengeneza ni ya watu wanaotumikia vifungo. Viongozi wanapenda kuitaja karakana hiyo wakitaka kuonyesha jinsi magereza yetu yanavyowapa wafungwa ujuzi. Sawa, lakini hebu tuutazame ujuzi wenyewe. Mtu aliyekaa miaka sita akitengeneza vibao vya magari, siku akitoka atamtengenezea nani? Bidhaa hiyo ina mteja mmoja tu nchi nzima, naye ni serikali. Akithubutu kufungua karakana yake mtaani, atakuwa ametenda kosa la jinai. Sidhani kuna ufundi mwingine Kenya ambao ukiufanya nje unakurudisha ndani.

Mfano huo ni wa kupindukia, nakubali. Karakana nyingi za magereza hufundisha kazi zenye soko: useremala, ushonaji, uchomeleaji, uashi, ufundi wa magari, uokaji mikate, utengenezaji wa sabuni, na kwa wanawake wa gereza la Lang'ata, Nairobi, ususi na urembo. Wako watu wengi walionunua kabati au seti ya viti kutoka magereza na hawajajuta hadi leo. Wafungwa pia hufanya mitihani ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, daraja la tatu, la pili, hata la kwanza. Ni mtihani uleule anaofanya kijana aliyejifunza kazi kwa fundi wa Gikomba.

Hata hivyo, kibao cha gari kinafichua jambo ambalo kabati zuri hulificha. Chini ya paa moja la karakana kuna shughuli mbili zisizopatana, yaani uzalishaji na mafunzo. Karakana ya gereza ina oda za kutimiza: sare, vitanda, madawati ya shule, samani za ofisi za serikali. Afande anayesimamia oda ya madawati mia tano hatamzungusha kila mfungwa apitie kila hatua ya kazi. Atamweka mmoja kwenye msumeno, mwingine kwenye randa, mwingine kwenye msasa, oda itoke kwa wakati. Miaka mitatu baadaye yule wa msasa ni bingwa wa msasa. Hajawahi kumpimia mteja kitanda, hajawahi kupiga hesabu ya mbao, hajawahi kupanga bei, wala kumdai mteja mkaidi pesa zake. Ukimuuliza afisa wa magereza atakwambia huyo ni seremala, na kitabu cha karakana kitasema hivyohivyo.

Upande wa darasani hali ni afadhali, na inafaa kusema hivyo kwa sauti. Magereza yaliyokuwa yakijulikana kwa kipigo na njaa yalianza kufunguliwa milango baada ya 2003, Moody Awori alipokuwa waziri anayesimamia magereza na baadaye Makamu wa Rais. Magodoro, runinga na sare zenye staha viliingia wakati huo, na madarasa yakapata nguvu. Kamiti, Naivasha, Kodiaga kule Kisumu na Shimo la Tewa pale Mombasa zikawa na watahiniwa wa KCPE na KCSE, mitihani ya kitaifa ya kumaliza shule ya msingi na ya sekondari, mwaka baada ya mwaka. Walimu mara nyingi ni wafungwa wenyewe, baadhi yao waliokuwa walimu wa shule kabla ya kuhukumiwa, wakisaidiwa na askari jela wenye taaluma hiyo. Kila matokeo yanapotangazwa magazeti hutafuta mfungwa aliyeongoza, picha yake hupigwa akiwa amebebwa juu kwa juu na wenzake, na nchi hufurahi kwa siku moja.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Kwa mtoto wa shule huo ulikuwa mwisho wa mfumo na mwanzo wa mwingine. Kwa mfungwa wa miaka arobaini aliyeacha shule darasa la tano, mtihani ule ulikuwa na faida ambayo mfumo wa umilisi uliochukua nafasi yake hauna: ulikuwa wa siku chache, kwa kalamu na karatasi, na haukumuuliza alisoma wapi wala kwa miaka mingapi. Mfumo mpya unataka miradi, tathmini za mara kwa mara, vifaa, na mzazi anayefuatilia. Hakuna hata kimoja hapo kilichobuniwa kwa kufikiria mtu aliye ndani ya ukuta. Wanaopanga elimu ya watu wazima wasipolichukulia suala hili kwa uzito, ngazi ya kwanza ya shule ya gerezani itakuwa imeng'olewa bila mtu yeyote kukusudia.

Lakini tuseme yote hayo yametengenezwa. Tuseme karakana inafundisha kazi kamili, darasa lina vitabu, na mfungwa wetu ametoka na KCSE pamoja na daraja la kwanza la NITA katika uchomeleaji. Hapo ndipo nataka tusimame, kwa sababu kinachomngoja mtu huyu nje kimeandikwa na serikali ileile iliyomfundisha.

Sheria ya Magereza, Sura ya 90, kifungu cha 46, inasema mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja anaweza kupata punguzo la theluthi moja ya kifungo chake kwa bidii ya kazi na mwenendo mwema. Wapo wasiohusika, wakiwemo waliofungwa maisha, ila kwa walio wengi hiyo ndiyo kanuni. Theluthi huwekwa kwenye hesabu yake tangu anapoingia, na akivunja nidhamu hukatwa siku. Aliyehukumiwa miaka tisa akatoka baada ya sita, basi, hakupendelewa na mtu. Alipimwa kwa miaka sita mfululizo, usiku na mchana, na watu waliomwona akila, akilala, akigombana na akifanya kazi. Sidhani kuna mwananchi huru ambaye tabia yake imewahi kukaguliwa kwa ukaribu namna hiyo. Mwisho wa ukaguzi serikali imetamka kwamba mtu huyu ana bidii na mwenendo mwema, na imemsamehe miaka mitatu kwa msingi huo.

Wiki mbili baadaye anaomba kazi kwenye kampuni ya vyuma. Anaambiwa alete cheti cha tabia njema. Anaingia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, analipa, anapeleka alama za vidole, na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, inatafuta kwenye rekodi zake. Rekodi inasema alihukumiwa. Haisemi lolote kuhusu theluthi, wala NITA, wala miaka sita ya kukaguliwa. Mwajiri mwenye maombi mia mbili mezani hana haja ya kusoma zaidi.

Ofisi ya kwanza imempa punguzo kwa tabia njema, ya pili imemnyima cheti cha tabia njema, na zote mbili kisera ziko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Ningeelewa kama kutofautiana huko kungekuwa kati ya serikali na waajiri wa kibinafsi. Lakini hii ni serikali inayobishana yenyewe, na anayeshindwa katika ubishi huo ni mtu ambaye hakualikwa.

Wanaodai cheti hicho ni wengi kuliko tunavyodhani. Dereva na makanga wa matatu hawapati beji ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, bila hicho. Kampuni za ulinzi hukidai, na vilevile teksi za kuitwa kwa simu. Anayetaka kwenda Saudia au Qatar kufanya kazi ya ujenzi, udereva au ya nyumbani hukiambatanisha na pasipoti. Kwa hiyo hata zile kazi ambazo kijana asiye na masomo hukimbilia, za matatu, ulinzi na Ghuba, zimefungwa kwa ufunguo mmoja. Haijalishi kosa lilikuwa lipi. Aliyefungwa kwa kupika chang'aa na aliyefungwa kwa kumjeruhi mtu kwa panga wote hukutana na mlango uleule, ingawa ni vigumu kueleza chang'aa ina uhusiano gani na kukusanya nauli Kayole.

Hapa msomaji ataruhusu nitoke kidogo nje ya mada. Katiba yetu, Kifungu cha 99, inamzuia mtu aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi kuwania ubunge. Lakini aya ya tatu ya kifungu hichohicho inaongeza kwamba hazuiliwi mpaka njia zote za rufaa na mapitio ziwe zimeisha. Tunajua rufaa za wakubwa huchukua muda gani. Ndiyo maana mtu aliyehukumiwa anaweza kuomba kura za kutunga sheria za nchi huku rufaa yake ikisubiri, na mtu aliyemaliza kifungo chake chote hawezi kuwa makanga.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipita. Mwajiri ana haki ya kujua. Mwenye shule ya chekechea asipoambiwa kwamba anayeomba kazi ya upishi aliwahi kuhukumiwa kwa kumnajisi mtoto, watoto watalipa gharama ya huruma yetu. Benki nayo isifichwe kuhusu mwizi wa benki. Nakubaliana na hayo yote. Ila hoja hiyo inahalalisha rekodi inayohusiana na kazi, inayopewa yule anayeihitaji. Haihalalishi rekodi ya milele kwa kila kosa na kila kazi.

Wengine walishapata njia ya kati. Uingereza, ambayo sheria zetu za magereza zilitoka kwake, ilitunga mwaka 1974 sheria inayofanya hukumu nyingi zihesabike kuwa zimeisha muda baada ya kipindi fulani bila kosa jipya. Ilipozilegeza kanuni zake mwaka 2023, hata kifungo cha zaidi ya miaka minne kwa makosa mengi kikawa kinafutika machoni pa mwajiri wa kawaida baada ya miaka saba, huku kazi za watoto, wagonjwa na nyingine nyeti zikibaki na ukaguzi kamili. Afrika Kusini tangu 2009 inaruhusu rekodi za makosa madogo kufutwa baada ya miaka 10. Sisi tulirithi jela ya Mwingereza na tukaacha msamaha wake. James Timpson, ambaye kampuni yake ya kukarabati viatu na kuchonga funguo ilijulikana kwa kuajiri watu waliotoka jela hadi wakafika karibu mfanyakazi mmoja kati ya kumi, aliteuliwa Julai 2024 kuwa waziri anayesimamia magereza ya nchi hiyo. Sijui ni mwajiri yupi wa Nairobi angethubutu kufanya hivyo hadharani, na simlaumu, maana sheria haimsaidii.

Kuna watakaosema haya yote ni ya watu wa ofisini; fundi wa jua kali haulizwi cheti chochote. Ni kweli, haulizwi. Lakini basi hata cha NITA haulizwi. Tulimpeleka mfungwa mtihanini ili atoke Kariobangi aingie kwenye kampuni yenye mshahara, bima na pensheni, na kwenye lango la kampuni hiyo ndiko cheti cha pili kinakomsubiri. Akirudi jua kali, kinachohitajika kinabadilika kabisa: mashine ya kuchomelea, mahali pa kuiweka, umeme, na wateja wawili watatu wa kuanzia.

Mashine hiyo ataitoa wapi? Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopewa jina la Nelson Mandela, za 2015, zinasema mfungwa alipwe kwa haki kwa kazi yake, na sehemu ya malipo iwekwe akiba ya kumkabidhi siku ya kutoka. Kwetu mpango wa malipo ya wafungwa upo kwenye sheria, lakini viwango vyake vimekuwa vikihesabiwa kwa senti. Si shilingi, ni senti, sarafu ambazo mtoto wa siku hizi hajawahi kuziona dukani. Mtu aliyetengeneza viti vilivyouzwa kwa maelfu kwa miaka mitano anaweza kutoka na akiba isiyotosha kununua kilo moja ya misumari. Idara ya Probesheni huwapa baadhi yao vifaa vya kuanzia kazi, na wale niliosikia habari zao walishukuru sana, ila wanaopata ni wachache kuliko wanaotoka.

Bado hajafika kwenye kitambulisho. Wengi hutoka bila hicho. Kilipotea siku ya kukamatwa, au kilibaki kwenye chumba ambacho mwenye nyumba alishampangisha mtu mwingine. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu, na bila laini hana M-Pesa. Fundi asiye na M-Pesa katika Kenya ya leo atalipwa na nani? Jambo hili lingeweza kumalizwa na karani mmoja wa usajili anayezuru gereza kila mwezi kuwashughulikia wanaokaribia kutoka.

Nimezungumza mpaka sasa kama kwamba kila mfungwa ana miaka ya kutosha kujifunza. Hana. Magereza ya Kenya yana zaidi ya watu 50,000, na zaidi ya theluthi moja yao ni mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Mahabusu hajui atatoka kesho au baada ya miaka mitatu, kwa hiyo hapangiwi kozi. Miongoni mwa waliohukumiwa, wengi ni wa vifungo vifupi: kuuza bidhaa mahali pasiporuhusiwa, ulevi, wizi mdogo, faini ambayo hakuna aliyeilipa. Aliyehukumiwa miezi sita, ukitoa theluthi yake, anakaa minne. Mitihani ya NITA huwa na misimu mitatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na Desemba. Mtu wa miezi minne akiwa na bahati atakutana na msimu mmoja, na hatakuwa amejifunza chochote cha kutahiniwa. Hata kituo cha vijana pale Kamiti, kilichobuniwa mahususi kuwarekebisha wa umri wa miaka 17 hadi 21, huwaweka kwa miezi minne tu.

Matokeo yake hayafurahishi: wanaopata mafunzo bora ni wale wa vifungo virefu, ambao hawatatoka karibuni, na wanaorudi mtaani kila wiki kwa mamia hawapati chochote zaidi ya marafiki wapya. Kwa hao wa miezi minne mimi ningependekeza tuache kabisa kujifanya tunawafundisha ufundi. Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ipo tangu 1998. Mahakimu waitumie, wabaki makwao wakifagia masoko na kujenga vyoo vya shule. Na anayelazimika kufungwa apewe moduli moja yenye kichwa na miguu, kama vyuo vya ufundi vinavyoanza kugawanya mitaala yao sasa, ambayo chuo cha kaunti yake kitaikubali akiipeleka siku akitoka.

Kuna programu moja inayofanya kazi vizuri kuliko zote nilizozitaja, na sababu yake inafundisha. Ni masomo ya sheria. Shirika la African Prisons Project, ambalo sasa linaitwa Justice Defenders, liliwawezesha wafungwa na askari jela wa Kenya na Uganda kusomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa gerezani. Anayejulikana zaidi ni Susan Kigula wa Uganda. Akiwa amehukumiwa kifo katika gereza la Luzira, aliongoza kwa jina lake kesi ya wafungwa zaidi ya mia nne, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikathibitisha kwamba hukumu ya kifo ya lazima ni kinyume cha katiba. Alisoma hadi sheria akiwa ndani na akatoka 2016. Kwa wanaosomea sheria Kamiti, elimu haisubiri lango lifunguliwe. Mwanafunzi akijifunza kanuni ya ushahidi asubuhi, jioni anaitumia kusoma faili ya rufaa ya jirani yake wa seli. Ujuzi una wateja tangu siku ya kwanza, una makosa yanayosahihishwa na jaji wa kweli, na unamjengea mtu jina. Seremala wa gerezani angepewa nusu ya hayo, yaani kazi nzima mkononi mwake, mteja anayemjua, na bei anayoijadili mwenyewe, asingetoka bingwa wa msasa.

Watetezi wa elimu ya magereza hupenda kunukuu utafiti wa shirika la RAND wa 2013, uliojumlisha tafiti za Marekani na kukuta kwamba walioshiriki masomo gerezani walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudi jela, pungufu kwa asilimia 43, na kwamba kila dola iliyotumika iliokoa dola nne hadi tano za kuwafunga tena. Mimi huutumia kwa tahadhari. Anayejiandikisha darasani huenda tayari ameshaamua kubadilika, na Marekani si Kenya. Lakini utafiti huo una jambo moja ambalo hutajwa mara chache: ulipima kinachotokea baada ya kutoka. Sisi tunahesabu waliofanya mtihani, tunapiga picha, tunafunga faili. Idara ya magereza ingetuambia kila mwaka ni wangapi kati ya waliofuzu miaka miwili iliyopita wana kazi na wangapi wamerudi, bajeti ya karakana ingejadiliwa kwa lugha nyingine kabisa Bungeni.

Na Bunge lina kazi nyepesi kuliko zote. Marekebisho ya kifungu cha 46 hayahitaji kurasa. Inatosha kuongeza kwamba mfungwa aliyetoka akiwa na theluthi yake yote, akamaliza muda uliowekwa bila kosa jipya, hukumu yake isitokee kwenye cheti cha DCI isipokuwa kwa kazi inayohusiana na kosa alilolitenda. Waheshimiwa wanajua kutunga kifungu cha namna hiyo. Katiba iliwapa cha kwao kwenye aya ya tatu ya Kifungu cha 99, na sijasikia hata mmoja akilalamika kwamba kina utata.